Shilingi Isiyoshikika: Kutoka Mahango hadi Mpondwe

Kahawa ya Mahango, kwenye miteremko ya Rwenzori nchini Uganda, hutajwa bei kwa maneno matatu kabla haijaondoka Afrika Mashariki. Mlimani, mkulima wa Kikonzo huuza kilo zake kwa shilingi. Mjini Kasese, mnunuzi hupokea simu kutoka Kampala, kwa mtu anayefuatilia soko la New York, ambako arabika huhesabiwa kwa senti za dola kwa kila ratili. Na ukishuka magharibi hadi Bwera na Mpondwe, ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kongo, na kinachovuka kwenda huko hutajwa kwa faranga. Nimeyasikia maneno haya maisha yangu yote, lakini ni huku chini ya Rwenzori nilikoyakuta yote matatu katika mapatano ya mzigo mmoja. Nikaanza kuyaandika daftarini na kuyafuata yalikotoka. Yote matatu ni ya ukoo mmoja: yametoka kwa makabila ya Kijerumani ya kale, wale ambao lugha zao zilizaa Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani cha leo na lugha za Skandinavia.

Mimi ni mtu wa Bukoba, kwa hiyo kahawa hainishangazi. Kwetu tunauza ya maganda, iliyokaushwa na ganda lake, na Mahango nako niliiona imeanikwa hivyohivyo kwenye maturubai mbele ya nyumba, ingawa yao ni arabika na yetu kwa wingi ni robusta. Kilichonishika sikio ni jina la fedha. Kwetu mzee akidai malipo yake anadai hela. Kasese sikumsikia mtu akisema hela. Wanasema sente, na wakitaja kiasi kamili wanasema shilingi. Tofauti hiyo inafuata mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza, nami nitaurudia nikifika Katwe.

Nianze na shilingi, maana ndiyo kongwe kuliko zote. Wagothi waliiandika skilliggs katika hati ya mauzo ya ardhi huko Ravenna, Italia, katika karne ya 6. Waingereza wa kale waliita scilling, Wanorwei wa kale skillingr. Wataalamu wa lugha wanabishana kuhusu mzizi wake. Wako wanaosema umetokana na kitenzi cha kulia kama kengele, ule mlio wa kipande cha madini kikidondoka mezani. Wako wanaoufunga na kitenzi cha kukata na kugawa, kwa kuwa dhahabu ilikatwa vipande ili kulipana. Na wako wanaousogeza karibu na neno la ngao. Mimi navutwa na maelezo ya kukata, kwa sababu yanaeleza kazi ambayo neno lilikuwa likifanya: kupima kipande cha kitu kikubwa.

Na kazi hiyo inaonekana wazi katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, huko Uingereza, zilizoandikwa karibu mwaka 600. Ukimkata mtu sikio, unalipa shilingi 12. Kidole gumba ni shilingi 20, ukucha wake 3. Jino la mbele ni 6. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la wazee katika vijiji vyetu, akasikia faini ya mbuzi ikipangwa kulingana na kosa, ataielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa. Husemwa hata kwamba katika Kent ya wakati huo shilingi moja ilikuwa thamani ya ng'ombe. Nililikumbuka hilo nilipogeuza sarafu ya Uganda ya shilingi 100, kwani imechorwa kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndefu.

Jambo kubwa hapa ni kwamba kwa karne nyingi Waingereza walihesabu kwa shilingi bila kuwa na sarafu ya jina hilo. Katika ufalme wa Wessex shilingi ilikuwa peni 5, katika Mercia peni 4, na baada ya Wanormani kuiteka Uingereza ikawa peni 12. Ilikuwa kipimo cha kuhesabia. Sarafu yenye thamani hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza karibu mwaka 1500, enzi za Henry VII. Neno likaishi hivyo hadi tarehe 15 Februari 1971, Uingereza ilipoanza kuhesabu kwa mia na kuiondoa shilingi katika hesabu zake. Denmark na Norwei walikuwa wameshaiacha skilling yao tangu miaka ya 1870. Austria iliishika schilling hadi 2002, ikamezwa na yuro. Kwa hiyo ukitaka kusikia neno hili likitumika kama fedha halali leo, Ulaya hulipati. Njoo Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Mogadishu au Hargeisa. Au panda Mahango.

Lilifikaje huku? Halikuja na wamisionari wala na wasafiri wa kwanza. Reli ya Uganda ilijengwa kwa rupia za India, na wafanyakazi na askari walilipwa kwa rupia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha nyeupe ilipanda, rupia ikapanda nayo, na serikali ya kikoloni ikaifunga kwenye thamani ya shilingi mbili za Kiingereza. Ikaja florini, iliyoishi muda mfupi mno, kisha ikatengenezwa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1920 chini ya bodi ya sarafu iliyokaa London. Mageuzi hayo hayakuwa ya majina tu. Walowezi wa Kenya, wakilalamikia madeni yao kuvimba, walipunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja mwaka 1921, na hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomsimamisha Harry Thuku na kumfanya sauti ya wafanyakazi wa Nairobi. Sarafu mpya ilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja, na upande mwingine simba mbele ya milima. Robo moja tu ya uzito wake ilikuwa fedha halisi.

Kutoka Mahango niliteremka Kasese mjini, na kutoka hapo nikapanda bonde la mto Nyamwamba hadi Kilembe. Hapa ndipo dola ilinijia akilini kwa namna nyingine. Mwaka 1516, katika bonde jembamba la milima ya Bohemia, watu waligundua fedha, na mji ukachipuka ghafla ukaitwa Joachimsthal, yaani bonde la Mtakatifu Joakimu. Leo uko Jamhuri ya Cheki na unaitwa Jáchymov. Mabwana wa bonde hilo, ukoo wa Schlick, walipiga sarafu kubwa za fedha zilizoitwa Joachimsthaler. Watu wakafupisha: thaler. Waholanzi wakasema daalder, Waingereza dollar, sisi dola. Kila noti ya kijani inayokunjuliwa pale mpakani imebeba ndani ya jina lake neno la kale la bonde.

Na Kilembe ni bonde la mgodi vilevile. Reli ya Uganda ilifikishwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya hapa. Kampuni ilijenga nyumba za wachimbaji ubavuni mwa mlima, shule na hospitali. Uchimbaji ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Niliona safu za nyumba zikiwa bado na watu, na mawe makubwa mtoni yaliyoshushwa na mafuriko ya Mei 2013, yale yaliyoibomoa sehemu ya hospitali, kisha mto ukarudia tena Mei 2020. Joachimsthal nao ulikuwa na hospitali ya wachimbaji, na daktari wa mji kwa muda alikuwa Georgius Agricola, aliyeandika kitabu kikubwa cha uchimbaji madini kilichochapishwa mwaka 1556. Alieleza humo pampu za kutoa maji migodini, magonjwa ya mapafu ya wachimbaji na mito inayoharibiwa na maji ya kuoshea mawe. Mtu wa Kilembe akisomewa kurasa hizo atazifahamu.

Kuna neno jingine lililotoka kwenye milima hiyohiyo ya mpakani mwa Saksoni na Bohemia na kutua Kasese. Wachimbaji wa kule walikuwa wakikutana na jiwe lililofanana na la fedha, lakini likiyeyushwa halikutoa fedha na lilitoa moshi wa sumu. Walimlaumu pepo wa chini ya ardhi, Kobold. Mkemia wa Uswidi, Georg Brandt, alipotenga metali mpya kutoka kwenye mawe hayo katika miaka ya 1730, jina la pepo likabaki: kobalti. Shaba ya Kilembe iliacha nyuma yake lundo kubwa la mabaki yenye kobalti nje ya mji wa Kasese. Kwa miaka mingi mvua iliyachuja, na maji yenye asidi yakaingia katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth kuelekea Ziwa George, yakiua majani njiani. Kuanzia 1999 hadi 2013 kiwanda cha Kasese kiliyatafuna mabaki hayo kwa kutumia bakteria na kutoa kobalti ya kuuza nje. Wachimbaji wa Bohemia waliliogopa jiwe hilo kwa sababu moshi wake ulikuwa sumu na halikuwa na faida. Leo dunia nzima inalililia kwa ajili ya betri, na nchi inayolitoa kwa wingi kuliko zote ni hiyo iliyo ng'ambo ya Mpondwe.

Barabara ya kwenda Bwera inashuka kusini kutoka Kasese, inapita Muhokya, na pale Kikorongo inakata kulia kuelekea magharibi. Ukiacha kukata na kuendelea upande wa hifadhi, unaweza kufika Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Wachimba chumvi bado wamegawana ufuo kwa vijaruba, na bado wanasimama ndani ya maji makali yanayochubua ngozi. Kabla ya rupia na kabla ya shilingi, chumvi hii ilinunua vyakula, majembe na mifugo katika eneo lote hili, na ndiyo sababu Kapteni Lugard wa Uingereza alipopita mwaka 1891 alijenga ngome hapa: aliyeishika Katwe alishika mfuko wa watu.

Hapo ndipo nilipoikumbuka hela yetu. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, rupia iligawanywa mara 64 kwa pesa, hadi mwaka 1904 serikali ilipoleta mgawanyo wa mia na kuziita sehemu hizo Heller. Jina lenyewe lilikuwa la karne nyingi: sarafu ndogo ya mji wa Hall, ule unaoitwa leo Schwäbisch Hall, kusini mwa Ujerumani. Na Hall ulikuwa mji wa chumvi, uliotajirika kwa kuchemsha maji ya chemchemi yake. Wajerumani walifukuzwa katika Vita Kuu ya Kwanza, rupia yao ikafa, Heller ikafa, lakini sisi watoto wa upande ule tukabaki na hela kama jina la fedha yote duniani. Huku Uganda, ambako Mjerumani hakutawala, haikukita. Wacheki nao wanalo, haléř, kwao ikiwa senti ya fedha yao. Kwa hiyo mji mmoja wa chumvi wa Ulaya ulitoa jina la fedha linalosemwa Bukoba, na mji wa chumvi wa Katwe, ulio karibu nasi zaidi, haukutoa jina lolote. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Bwera na Mpondwe ni kama mji mmoja mrefu. Karibu na mto msongamano unazidi: bodaboda zenye mikungu, baiskeli zenye magunia, akina mama wenye beseni kichwani, malori yakisubiri karatasi. Mpaka huu ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, na uliwakata watu wa lugha moja. Upande huu wanaitwa Bakonzo, upande ule Banande, na wakisalimiana hakuna anayehitaji mkalimani. Kiswahili nacho kipo kwa wingi, kile cha Kongo, laini na chenye maneno yake. Nilimuuliza mama mmoja aliyevuka na maharagwe kutoka Kasindi, upande wa Kongo, bei ya kikopo. Akaniuliza kwanza: "Baba, unalipa na franga ao na shilingi? Dola pia nakamata." Ni baada ya kujibiwa ndipo alipotaja bei.

Faranga ina hadithi yenye uchungu tangu kuzaliwa. Wafranki walikuwa kabila la Kijerumani lililoiteka Galia na kuipa Ufaransa jina lake. Jina lao lenyewe wengine hulihusisha na aina ya mkuki, na baadaye neno hilohilo likawa na maana ya mtu huru. Mwaka 1356 Mfalme Jean II wa Ufaransa alitekwa na Waingereza vitani Poitiers. Alipoachiliwa mwaka 1360, kwa fidia ya kufilisi nchi, akapiga sarafu ya dhahabu yenye picha yake juu ya farasi na maandishi ya Kilatini yanayomwita Mfalme wa Wafranki. Hiyo ndiyo faranga ya kwanza. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliileta Kongo mwaka 1887. Mwaka 1967 Rais Mobutu aliitupa, akaweka zaire iliyogawanywa kwa makuta. Zaire ikaoza: mwaka 1993 milioni tatu za zamani zilibadilishwa kwa moja mpya, na mwaka 1998 laki moja za hizo mpya zikabadilishwa kwa faranga moja, jina la mkoloni likarudi. Lakini makuta hayakufa mdomoni. Mkongo akikosa fedha anasema hana makuta, kama Mbukoba asemavyo hana hela, ingawa zote mbili ni fedha zisizonunua kitu tena.

Wabadilisha fedha wa Mpondwe wanakaa na mabunda yao mbele, faranga zimefungwa kwa raba, shilingi zimepangwa kwa rangi. Nilikaa na mmoja wao nikimtazama akifanya kazi. Dola anaipima kwa vidole na macho: ikiwa na mpasuko mdogo ukingoni ataikataa, kwa sababu Kongo haitapokewa; ikiwa ya picha ndogo, yaani ya zamani, ataipokea kwa bei ya chini. Faranga iliyochakaa hadi maandishi kufifia anaipokea bila neno. Shilingi haitazami sana, anaihesabu tu. Nilipomwuliza anaiamini ipi, alisema dola ni ya kuweka, shilingi ni ya kula, faranga ni ya kuvukia. Sijawahi kusoma maelezo ya uchumi wa mpakani yaliyo sahihi kuliko hayo.

Alisema kweli kuhusu shilingi, lakini shilingi gani? Mwaka 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoanzisha kila moja benki kuu na fedha yake, dola ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo katika nchi zote tatu. Leo Kenya ni zaidi ya 100, Tanzania zaidi ya 2,000, Uganda zaidi ya 3,000, na ya Uganda ilishakatwa sifuri mbili mwaka 1987, pamoja na makato ya asilimia 30 kwa waliopeleka fedha kubadilisha. Ndugu watatu waliozaliwa siku zinazokaribiana, wenye jina moja, hawalingani tena kwa lolote. Kenya peke yake bado ina sarafu ya shilingi moja mikononi mwa watu, ile yenye twiga. Uganda na Tanzania shilingi moja haipatikani sokoni. Huwezi kuishika, huwezi kununulia pipi.

Hata hivyo neno linafanya kazi kuliko wakati wowote. Dodoma, mbunge asiyeridhika na majibu ya Waziri hutangaza kwamba atashika shilingi, yaani ataomba mshahara wa Waziri upunguzwe kwa shilingi moja ili hoja ijadiliwe; akiridhika, anairudisha. Hiyo shilingi inayoshikwa na kurudishwa mbele ya nchi nzima haipo mfukoni mwa mbunge yeyote. Uwanjani mwamuzi hurusha shilingi, japo anachorusha ni sarafu ya mia mbili au kitu kingine. Mwandishi akitaka kuleta hoja ya upinzani anageukia upande wa pili wa shilingi. Na katika simu za wakulima wa Mahango malipo huingia kwa maelfu na malaki ya shilingi ambazo hazikuwahi kupigwa kwa chuma wala kuchapwa kwa karatasi. Shilingi imerudi ilikokuwa Kent mwaka 600: kipimo cha kuhesabia, kisicho na sarafu yake. Watu wanaoona aibu kwamba shilingi yetu moja haishikiki wasione aibu. Neno hili liliishi hivyo karne tisa na likapanga haki za watu.

Nimeandika haya kwa sababu kuna uamuzi unaokuja. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini itifaki ya fedha moja Kampala tarehe 30 Novemba 2013, lengo likiwa 2024, na sasa limesogezwa hadi 2031. Jumuiya ina wanachama wanane tangu Kongo ilipoingia mwaka 2022 na Somalia ikafuata. Wanne wanatumia shilingi, watatu faranga, na Sudan Kusini pauni. Mijadala yote niliyoifuatilia inahusu madeni, mfumuko wa bei na mahali pa kuweka benki. Jina halizungumzwi.

Wako watakaosema shilingi ni jina la mkoloni, na wana haki, kwani ilikuja pamoja na kodi na mishahara iliyokatwa. Wako watakaotaka jina la simbi, kauri za mababu. Sitawapinga kwa dharau. Lakini shilingi imekaa nasi zaidi ya miaka 100, wenyewe wameitupa, na hakuna serikali ya Ulaya inayoidai. Faranga bado inasemwa Uswisi na inafungamana na mikataba ya Ufaransa magharibi mwa Afrika. Dola ina mwenyewe, na anajulikana. Kati ya maneno yale matatu ya Mpondwe, shilingi ndiyo pekee ambayo leo haina mwenyewe nje ya Afrika. Kura yangu ni kwayo. Na kabla mawaziri hawajapiga ya kwao, wapeleke tume Lhubiriha siku ya soko, wawaulize akina mama wanaotaja bei kwa fedha tatu kila asubuhi ni jina gani wangependa kubaki nalo.